Sahihi za Majirani Hazikatai Kibali

"Kaka, tumekwisha. Wamekusanya sahihi mia mbili na kumi."

Simu hiyo niliipokea mwezi uliopita, saa tatu usiku, na si ya kwanza ya namna hiyo. Hubadilika idadi tu. Aliyepiga ni dada mmoja nesi, mwenye nyumba ya kutunzia wazee yenye vitanda 14, aliyeomba kibali cha kuongeza vyumba vinane upande wa nyuma. Tangazo la halmashauri lilikuwa limefungwa kwenye nguzo ya taa mbele ya geti lake, na mtaa mzima ulikuwa umelisoma. Hakuwa amelala siku mbili. Nilimuuliza jambo moja: "Umezisoma barua zenyewe?" Hakuwa amesoma hata moja. Alikuwa amezihesabu.

Kazi yangu ni kuandaa maombi ya kibali cha mipango na kuyasimamia mbele ya halmashauri za huku England. Scotland na Wales wana taratibu zao, kwa hiyo ninayoyasema hapa ni ya England. Wateja wangu wengi ni watu wetu, waliotoka Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo, wakafanya zamu za usiku miaka nenda miaka rudi kwenye nyumba za wenzao, wakajibana, hatimaye wakanunua ya kwao. Naujua uzito wa hela hiyo. Ndiyo maana inaniuma kuona ikimwagwa pasipostahili kwa sababu ya maneno ya kupokezana kwenye makundi ya WhatsApp. Haya hapa ninayoyasikia.

"Wapingaji wakiwa wengi, ombi limekufa"

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu inawafanya watu wenye ombi zuri walitelekeze, au wapigane vita isiyokuwepo.

Ombi la kibali si uchaguzi. Sheria ya Mipango na Ununuzi wa Lazima ya mwaka 2004, kifungu cha 38(6), inaitaka halmashauri iamue kwa kufuata mpango wa maendeleo wa eneo lake, isipokuwa kuwe na mambo mengine yenye uzito wa kimipango yanayoelekeza vinginevyo. Kinachopimwa ni hoja. Sahihi 210 chini ya karatasi inayolalamikia maegesho ni hoja moja ya maegesho. Barua moja ya bibi wa nyumba ya pili, aliyechora kwa penseli kuonyesha kwamba dirisha la chumba kipya cha juu litatazama moja kwa moja chumbani kwake, ina nguvu kuliko karatasi yote ile.

Tena nyingi ya barua hizo husema jambo lisilo na uzito wowote. "Nyumba zetu zitashuka bei": afisa mipango atalisoma na kulipita. Vivyo hivyo kwa anayesema atapoteza mandhari ya shamba aliyoyazoea kutoka jikoni kwake, na kwa anayelalamika kwamba mwenye biashara anatajirika. Yanayohesabiwa ni mwanga wa jirani, kuchunguliwa, kelele na harufu, magari, miti inayolindwa, maji ya mvua yataelekea wapi, ukubwa wa jengo na jinsi litakavyokaa kwenye mtaa. Upande wa pili wa mizani kuna haja ya vitanda vya wazee katika eneo hilo, na hiyo ni hoja ya mwombaji aitumie, aeleze kwa takwimu za halmashauri yenyewe, asiiache ijisemee.

Sitasema kwamba umati hauna athari. Maombi mengi huamuliwa na maafisa mezani bila kikao chochote, na pingamizi zikiwa nyingi, halmashauri nyingi hulipeleka ombi kwenye kamati ya madiwani. Madiwani wanachaguliwa, na wanawaona wapiga kura wao wamekaa nyuma ya ukumbi. Wanaweza kuupinga ushauri wa afisa wao. Lakini wakikataa lazima waandike sababu za kimipango, na sababu hizo zitasomwa na mkaguzi wa rufaa. Wakishindwa kuzitetea kabisa, halmashauri inaweza kuamriwa kulipa gharama za mwombaji. Afisa wao huwakumbusha hilo kikaoni, na huwa linasikika.

Sasa turudi kwa dada yetu. Nilipofika kwake Jumamosi alinipokea na faili nene. Alikuwa amewaomba waumini wa kanisa lake waandike barua za kuunga mkono, na zilikuwa zaidi ya mia. Nilizifungua mezani moja baada ya nyingine. Aya ileile, hata kosa la tahajia lilelile katika mstari wa tatu, na anwani nyingine za miji ambayo kutoka hapo ni safari ya saa mbili. Nilimwambia azirudishe ndani. Si kwamba zingemdhuru sana. Ni kwamba zilikuwa zimekula wiki mbili ambazo tulizihitaji.

Tukachukua barua za wapingaji. Zote ziko wazi kwenye tovuti ya halmashauri, yeyote anaweza kuzisoma. Tulizichapa, tukakaa na kalamu tatu za rangi: nyekundu kwa yasiyo na uzito, njano kwa yanayojibika kwa maneno, kijani kwa yanayotaka tubadilishe ramani. Ilipofika saa kumi jioni, kijani ilikuwa imebaki kwa mambo matatu tu. Magari wakati wa kupokezana zamu. Madirisha mawili ya ghorofa ya juu yanayotazama bustani ya jirani. Na feni ya chumba cha kufulia, ambayo mzee wa nyumba ya nyuma aliandika kwamba huisikia usiku hata akifunga dirisha. Dada alinyamaza alipoisoma hiyo. Feni hiyo ipo tangu siku aliponunua nyumba, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Mambo matatu, na yote yanatatulika. Madirisha yanawekwa kioo cha ukungu na kufungwa yasifunguke chini ya urefu wa mtu. Chumba cha kufulia kinahamia upande wa barabara. Kwa magari ninao ushauri ninaompa kila mteja: nenda ukahesabu mwenyewe. Usilipe kwanza mtaalamu wa barabara. Chukua daftari, kaa mtaani siku tatu za kazi na Jumapili moja (Jumapili ndipo familia zinapokuja kuwaona wazee), kuanzia saa moja hadi saa mbili na nusu asubuhi, saa saba na nusu hadi saa tisa mchana, na saa moja na nusu hadi saa tatu usiku. Kila dakika kumi na tano andika nafasi zilizo wazi na magari ya wafanyakazi wako. Ukishalijua tatizo kwa macho yako, ndipo umwite mtaalamu aliandike rasmi. Dada alihesabu, akagundua kwamba msongamano wote unatokea ndani ya dakika ishirini za saa nane mchana, kwa sababu zamu mbili zinakutana. Amezitenganisha kwa nusu saa. Hakuna sharti la halmashauri lililomlazimisha.

Na kabla ya yote hayo, piga hodi. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu sisi tumelelewa nalo. Huingii uani kwa mtu bila hodi, halafu unaleta ramani ya ghorofa mbili ukingoni mwa ua wake na unaiachia halmashauri imjulishe? Watu wana siku 21 za kutoa maoni, na wengi huanza kuandika siku ileile ya barua, wakiwa bado na hasira ya kushtukizwa. Nenda mwezi mmoja kabla, na ramani mkononi, nyumba kwa nyumba, mchana. Barua ya halmashauri isiwe hodi yako ya kwanza. Yule mzee wa feni angemwambia mlangoni, na jambo lingekuwemo kwenye ramani tangu mwanzo.

"CQC wameshanikubalia"

CQC, tume inayosimamia ubora wa huduma za afya na matunzo England, wanasajili huduma. Hawatoi kibali cha jengo, na halmashauri haisajili huduma. Usajili wako una sharti la idadi ya juu ya wakazi, na ukitaka kuongeza vitanda utaomba sharti hilo libadilishwe, lakini hilo ni ombi jingine kabisa. Nyumba za watoto ziko chini ya Ofsted, wakaguzi wa shule na huduma za watoto. Kanuni za ujenzi na usalama wa moto ni milango mingine miwili. Kupita mmoja hakufungui mwingine.

"Kila mtu anaongeza chumba cha nyuma bila kibali"

Haki hiyo ni ya nyumba ya familia. Sheria hugawa majengo kwa madaraja ya matumizi: nyumba ya kutunzia wazee iko daraja la C2, la makao ya matunzo, na jirani yako aliyejenga sebule ya nyuma bila kuomba yuko daraja la C3, la nyumba za kuishi. Usijilinganishe naye.

Hapa wanaoumia zaidi ni wanaonunua nyumba ya kawaida ili waanzishe makao ya watoto. Wamesikia kwamba hadi watu sita haihitaji kibali. Daraja la C3(b) linasema kweli wakazi wasiozidi sita wanaopewa matunzo, ila wawe wanaishi kama kaya moja. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2003, katika shauri la halmashauri ya North Devon, kwamba watoto wanaotunzwa na walezi wanaoingia na kutoka kwa zamu hawafanyi kaya moja na walezi hao, kwa kuwa walezi hawaishi hapo. Hiyo ni C2. Baada ya hapo swali ni kama badiliko ni kubwa kiasi cha kuhitaji kibali, na hilo hutazamwa nyumba kwa nyumba. Omba cheti cha uhalali wa matumizi, ambacho halmashauri huthibitisha nacho kwamba matumizi unayoyataka hayahitaji kibali, kabla ya kusaini mkataba wa kununua. Nimeona watu wakilipa mkopo wa nyumba tupu mwaka mzima kwa kutofanya hivyo.

"Nijenge kwanza, nikikaa miaka minne wamechelewa"

Miaka minne imekwisha. Tangu tarehe 25 Aprili 2024 muda wa halmashauri kuchukua hatua dhidi ya jengo lisilo na kibali ni miaka kumi kwa England, isipokuwa kazi iliyokuwa imekamilika kabla ya siku hiyo. Wazee wakiwa wamelala ndani, amri ya kubomoa haikupati wewe peke yako.

"Wanapinga kwa sababu sisi ni weusi"

Wapo, na sitamwambia mteja kwamba ameota. Nimesoma barua zinazozungumzia "watu wa aina hiyo" na wafanyakazi "wasiojulikana walikotoka". Barua ya kibaguzi haina uzito wa kimipango, na ukiikuta kwenye tovuti iandikie halmashauri iiondoe. Sheria ya Usawa ya 2010, kifungu cha 149, inaibana halmashauri yenyewe izingatie usawa katika maamuzi yake, na umri na ulemavu vimo, kwa hiyo inawahusu pia wazee watakaolala humo. Lakini ukijibu hoja ya maegesho kwa shutuma ya ubaguzi, hoja ya maegesho inabaki bila jibu, na afisa ataiandika hivyohivyo kwenye ripoti yake. Jibu kwanza maegesho. Malalamiko ya ubaguzi yapeleke kwa njia yake, na uyapeleke kweli.

"Wakikataa ndiyo basi"

Dada ameniuliza hili mara tatu. Akikataliwa ana miezi sita ya kukata rufaa kuanzia tarehe iliyo kwenye barua ya uamuzi, si tarehe aliyoifungua. Kuiwasilisha hakulipiwi ada. Anayeamua ni mkaguzi asiye wa halmashauri hiyo, mara nyingi kwa kusoma karatasi na kuja kuona mahali. Njia nyingine ni kurekebisha na kuomba upya, ila ule msamaha wa kutuma mara ya pili bure uliondolewa Desemba 2023, kwa hiyo ada italipwa tena.

Nimemwambia asifike huko bado. Ramani mpya zimeshapokelewa, na kikao cha kamati ni wiki ijayo. Atapewa dakika tatu za kuzungumza. Ya kwanza ataitumia kueleza magari, ya pili madirisha, na ya tatu ni ya feni. Yule mzee wa nyumba ya nyuma amefuta jina lake kwenye ile karatasi.