Mguu umenyooka, mwendo bado

Ami yangu wa Wete alikuwa na matege, na goti la kulia lilimtesa miaka. Sasa kapasuliwa, mguu umenyooka, lakini akipita barazani bado anayumba. Maneno yakaanza.

"Wamemtia goti la bandia." Hapana, goti ni lake lile lile. Kilichokatwa ni mfupa wa muundi, chini kidogo ya goti. Ukaelekezwa upya, ukakazwa kwa bamba la chuma na skrubu.

"Basi gegedu limepona." Gegedu ni lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa gotini; lililolika halirudishwi hivyo. Mwenye matege, kila hatua uzito mwingi humshukia upande wa ndani wa goti, na ndiko kunakolika. Upasuaji huu unahamisha njia ya uzito, uende katikati au upande wa nje kidogo, penye gegedu zima. Maumivu hupungua kwa sababu palipochoka pametuliwa mzigo.

"Mguu ukinyooka, mwendo nao unanyooka." Hapa ndipo wengi wanapowavunja moyo wagonjwa, na mimi linaniuma. Mfupa hunyooka siku moja. Mwili umeshajifunza mengine: kuinamia upande wa goti bovu, kutupa vidole nje, kufupisha hatua ili mguu ule usikae chini muda mrefu. Kisu hakigusi mazoea hayo. Msuli wa mbele ya paja nao umenyong'onyea kwa kutotumika, na goti lisiloshikwa na paja haliaminiki. Mwendo unafundishwa upya kwa mazoezi, miezi kwa miezi.

"Alale tu mpaka mfupa uunge." Goti huanza kukunjwa mapema. Magongo ni ya wiki kadhaa, mara nyingi kama 6, na uzito huongezwa kidogo kidogo kwa amri ya daktari.

"Bakora ishikwe upande wa mguu unaouma." Ami alifanya hivyo hivyo, mpaka mtaalamu wa mazoezi akamhamishia mkono wa kushoto. Bakora ikitua pamoja na mguu wa kulia, inapokea sehemu ya mzigo, naye haanguki upande. Nilimwona akivuka ua kwa mara ya kwanza mabega yakiwa sawa.

Ndara zake za zamani zimelika ukingo wa nje tu. Nimemnunulia mpya, na kila nikenda kumtazama nazigeuza soli.