Neva ikipiga hodi na msuli usiitike

Vipokezi vya msuli ni nini?

Neva haigusani na msuli. Kati yao pana upenyo mwembamba mno. Ukitaka kuinua kikombe, ncha ya neva humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, nayo huvuka na kunasa kwenye protini zilizo juu ya seli ya msuli. Hizo ndizo vipokezi. Vikiwa vichache, neva hupiga hodi na mlango haufunguki.

Vinahesabiwaje na wala havionekani?

Kwa sumu ya nyoka! Bungarus multicinctus, nyoka wa Asia, ana sumu inayong'ang'ania vipokezi hivi na kuachia kwa shida sana. Watafiti huchukua kinyama kidogo pale neva inapoingia kwenye msuli, hukiloweka kwenye sumu iliyofungwa na iodini yenye mionzi, hukisuuza, kisha hupima mionzi iliyobaki. Sumu iliyong'ang'ania ndiyo hesabu.

Mwaka 1973 Fambrough, Drachman na Satyamurti, huko Marekani, waliwapima hivyo wagonjwa wa mayasthenia gravisi. Hawa ni watu ambao kope huwaanguka jioni, huona vitu viwili viwili, na huchoka kutafuna kabla sahani haijaisha. Kabla ya hapo wengi walishuku kwamba neva ndiyo inayotoa kemikali kidogo. Kumbe vipokezi vyao vilikuwa asilimia 11 hadi 30 tu ya kawaida. Leo tunajua kuwa kingamwili za mgonjwa mwenyewe huviharibu.

Je, vinaweza kuzidi?

Ndiyo, na hili watu wengi hawaambiwi. Neva ikikatika, mtu akiungua vibaya au akilala kitandani wiki nyingi bila kusogea, msuli huotesha vipokezi kila mahali, si pale kwenye neva tu. Akipewa suksametoniamu, dawa ya kulegeza misuli wakati wa upasuaji, vyote hufunguka kwa pamoja, potasiamu hufurika kwenye damu na moyo unaweza kusimama. Basi ndugu wa mgonjwa, mwambieni daktari wa usingizi kuhusu ajali au kuungua huko, hata kama miezi imepita.

Kope zangu zinalegea. Nitakatwa msuli?

Kwa kawaida hapana. Hupimwa damu kutafuta kingamwili, na neva hupimwa kwa umeme. Ugonjwa ukishaenea mwilini, wagonjwa wapatao 85 kati ya 100 huonyesha kingamwili za vipokezi, kwa hiyo damu safi haimalizi uchunguzi. Ukianza kupaliwa au kupumua kwa shida, usingoje kuche. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.