Je, wajua kwa nini sukari hupanda hata kama hujala kitu?

Mdogo wangu ana kisukari aina ya kwanza tangu akiwa kidato cha pili. Siku moja ya Simba na Yanga alijipima saa kumi jioni, mashine ya sukari ikasoma 7.1 mmol/L. Akaenda banda umiza na chupa yake ya maji. Usiku akarudi sauti imemkauka, akanawa mikono, akajichoma pembeni mwa kidole, akagusisha tone la damu kwenye stripu. 13.8.

Mama akauliza swali ambalo wenye kisukari wamelichoka: "Umekula nini huko?"

"Sijala kitu, mama. Maji tu."

Mama hakuamini. Nami sikuamini, na hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Sukari ile haikupitia mdomoni. Ilitoka kwenye ini lake mwenyewe.

Ini huweka akiba ya sukari iitwayo glikojeni. Kwa mtu mzima aliyekula vizuri hufikia kama gramu 100. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo, adrenali. Ukishtuka au ukipandwa na mzuka, iwe ni nyoka njiani au penalti ya dakika ya 90, ubongo huziamsha tezi hizo, na ndani ya sekunde chache adrenalini inamwagika kwenye damu. Moyo unadunda, viganja vinalowa jasho. Adrenalini ikifika kwenye ini, akiba inavunjwa, glukosi (sukari) inaingia kwenye damu. Wakati huohuo adrenalini inalibana kongosho lisitoe insulini nyingi, homoni inayoshusha sukari, na kuifanya misuli isiipokee sukari kirahisi. Mwili umejiandaa kukimbia au kupigana. Ila mtu aliyekaa kwenye benchi hakimbii popote, kwa hiyo sukari inabaki inazunguka.

Asiye na kisukari hata hajui kilichotokea: mzuka ukitulia, kongosho lake linaongeza insulini na mambo yanarudi sawa. Mdogo wangu hana insulini isipokuwa ile anayojidunga, na dozi yake ilipigiwa hesabu ya chakula, haikupigiwa hesabu ya penalti. Mwenye aina ya pili bado anayo, lakini mwili wake hauitikii vizuri, naye sukari yake inaweza kupanda. Miili haifanani, wapo ambao namba haisogei kabisa.

Jambo hili si geni. Mwaka 1913 mwanafiziolojia Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alipima mkojo wa wachezaji 25 wa futiboli ya Kimarekani baada ya mechi kali ya mwisho wa msimu. 12 walikutwa na sukari. Kati yao, watano walikuwa wachezaji wa akiba ambao hawakuingia uwanjani! Walikaa tu, wakatazama, roho juu.

Hapa ndipo pa kuwa makini. Ukiona namba kubwa baada ya mechi, usikimbilie kujidunga dozi nzima ya kushusha. Adrenalini huisha kwenye damu kwa dakika chache, na sukari inaweza kuanza kushuka yenyewe. Ukijumlisha insulini na kucheza ngoma za ushindi, sukari inaweza kushuka kupita kiasi usiku wa manane. Mpango wa siku kama hizo upangwe mapema na daktari wako. Mdogo wangu usiku ule alisubiri, akanywa maji, na baada ya saa mbili akasoma 9.4.

Pia usijiamulie kwa dalili. Kutetemeka, jasho na moyo kwenda mbio ni dalili za msisimko, lakini ndizo hizohizo za sukari kushuka, kwa kuwa mwili hutoa adrenalini ileile kujiokoa. Mashine ndiyo inayotofautisha. Na sukari ikigoma kushuka kwa saa kadhaa, huku una kiu kali au unatapika, hapo mechi haihusiki tena. Nenda hospitali usiku huohuo.

Siku hizi mdogo wangu akirudi na namba kubwa, mama anaanza na swali lingine: "Walipigiana penalti?"