Je, waya wa faiba darajani unatoa mionzi ya saratani?

"Sambaza kabla hawajaufuta: vile vinyaya vinavyofungwa kwenye madaraja vina shaba na umeme, vinatoa mionzi ya saratani." Maneno ya aina hii huzunguka kwenye magrupu miaka nenda rudi, leo darajani, kesho bwawani. Si kweli. Yakikufikia, yaishie kwako.

Vinyaya hivyo ni vihisi vya faiba, yaani nyuzi za kupimia jinsi zege la daraja linavyovutika. Kinachobeba ishara ndani ya faiba ni kioo: uzi wa milimita 0.125, unene unaokaribia unywele. Haupitishi umeme, unapitisha mwanga. Katika aina moja ya vihisi hivi, kipande kifupi cha uzi huchorwa vistari vidogo mno vinavyorudisha rangi moja tu ya mwanga. Zege likivutika, vistari vinaachana kidogo na rangi inayorudi inabadilika. Joto nalo huibadilisha, ndiyo maana mafundi huweka kihisi kingine pembeni, kisichovutwa, cha kupimia joto tu.

Unataka kuhakikisha? Mwombe fundi wa intaneti akumenyee kipande cha faiba kilichobaki kazini. Mita ya umeme ikigusishwa ncha zote mbili za uzi haisomi kitu. Ukiupinda sana unakatika kama glasi, na vipande vyake huchoma, kwa hiyo mwachie yeye aushike.

Kuchanganyikiwa kuna sababu. Kebo nyingi za nje huimarishwa kwa chuma, na zile za chini ya bahari kweli zina shaba, ya kupeleka umeme kwenye vikuza mwanga. Hatari iliyopo ni nyingine: mwanga unaopita ndani ya faiba kwa kawaida ni wa rangi ambazo jicho haliwezi kuziona, lakini ukichungulia ncha ya faiba inayofanya kazi unaweza kuumia jicho.