Kadi mbili za grafiki, namba kibao na ubishi usioisha

Ukitaka kuona watu wazima wanabishana mpaka povu, waulize kati ya kadi mbili za grafiki (zile zinazochora picha kwenye kompyuta) ipi kali. Huyu atakutajia GB za memori, yule atakuja na idadi ya viini (vile vitengo vidogo vya kufanya hesabu ndani ya kadi), wa tatu atasema angalia tu jina lenye namba kubwa yaishe, na wote watatu wanaweza kuwa wamepotea kwa pamoja. Mimi mwenyewe nimeshaingia cha kike, niliacha kadi nzuri ya GB 2 nikabeba dhaifu ya GB 4 kisa nne ni kubwa kuliko mbili, matokeo yake gemu ikawa inaenda kama mtu anafunua albamu ya picha.

Sasa tuanze na hiyo hiyo iliyonipiga, kwamba VRAM (memori ya kadi yenyewe) nyingi ndio spidi. Hapana. VRAM ni meza ya fundi cherehani: meza kuwa pana haimfanyi fundi ashone haraka, ila ikijaa vitambaa vikaanza kudondoka chini hapo ndo kazi inasimama. Chukua kadi ya NVIDIA, RTX 3060 yenye GB 12 uiweke na RTX 3060 Ti yenye GB 8, watu kibao wanaona ya kwanza ndo kubwa, kumbe Ti ina viini 4864 dhidi ya 3584 na memori yake inapitisha GB 448 kwa sekunde wakati mwenzake anapitisha 360, kwahiyo kwenye gemu nyingi Ti inamwacha mbali tu.

Lakini usikimbilie upande wa pili ukasema basi VRAM haina maana, maana hapo napo watu wanapotea. Kuna RTX 4060 Ti mbili, ya GB 8 na ya GB 16, chipu ni ile ile, viini 4352 kote, memori inapitisha GB 288 kwa sekunde kote. Kwenye gemu nyepesi ni ngoma droo kabisa. Ukifungua gemu nzito ukaweka tekcha (picha zinazovikwa kwenye kuta na vitu vya gemu) za juu kabisa, GB 8 zikijaa, kadi inaanza kuomba data kwenye RAM ya kompyuta kupitia njia ya PCIe ambayo kwa kadi hii inapitisha kama GB 16 tu kwa sekunde, linganisha na zile 288 uone ni maumivu gani, hapo ndo gemu inastaki kila ukigeuza kamera. Na kuna kitu wengi hawakioni: gemu zingine zikiona memori imejaa hazistaki, zinashusha tekcha kimya kimya, kwahiyo FPS (fremu kwa sekunde) zinalingana kwenye grafu kumbe moja inakuonyesha ukuta wenye ukungu. Ndo maana mi namba peke yake siiamini, nataka niione na picha.

Jina nalo ni mtego. Namba ya mbele ni kizazi, ya nyuma ndo daraja, kwahiyo RTX 3050 ni mpya kuliko RTX 2060 ila kwenye gemu 2060 inaipita. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba hata jina likifanana kabisa bado unaweza kupigwa: GTX 1060 ya GB 3 haikupunguzwa memori tu, ilikatwa na viini pia, 1152 badala ya 1280. GT 1030 ndo kichekesho kabisa, ya mwanzo 2017 ilikuja na memori aina ya GDDR5 ya GB 48 kwa sekunde, mwaka uliofuata ikatoka nyingine jina lile lile na DDR4 isiyofika hata GB 17 kwa sekunde. Mwaka 2022 NVIDIA walitangaza RTX 4080 mbili, ya GB 16 na ya GB 12, hii ndogo ikiwa na chipu tofauti kabisa, watu wakapiga kelele mpaka wakaiondoa kabla haijatoka, baadae ikarudi ikiitwa RTX 4070 Ti. Yaani kelele zilisaidia kwa mara moja.

Laptopu ndo usiseme. RTX 4090 ya kompyuta ya mezani ina viini 16384 na GB 24 na inaruhusiwa kula wati 450, ile ya laptopu yenye jina hilo hilo ina viini 9728 na GB 16, na wati zake anaamua mtengenezaji wa laptopu, kwahiyo hata laptopu mbili zenye "4090" zinaweza zisilingane. Mtu akikwambia kadi yake ni fulani muulize kwanza, ya mezani au ya laptopu?

Haya, viini na teraflops (hesabu trilioni ngapi kadi inaweza kufanya kwa sekunde). Hapa ndo wajuaji wanapojificha, maana wanasoma jedwali la sifa wanatoa hukumu. RTX 2080 Ti ina viini 4352, RTX 3070 ina 5888, kwa hesabu ya kawaida ungesema 3070 inaipita kwa zaidi ya theluthi moja, lakini kwenye gemu zinakimbia karibu sawa sawa. Sababu ni kwamba kizazi cha 3070 kilibadilisha namna ya kuhesabu: njia ambayo zamani ilikuwa ya namba kamili tu ikafundishwa kufanya na namba za desimali, ikahesabiwa kama kiini, ila gemu ikihitaji namba kamili njia hiyo inarudi kazi yake ya zamani. Teraflops vilevile, Radeon RX Vega 64 ya AMD kwenye karatasi ina kama 12.6, GTX 1080 ina kama 8.9, uwanjani ni mapacha. Ukitaka kulinganisha viini, linganisha ndani ya kizazi kimoja cha kampuni moja, nje ya hapo ni sawa na kulinganisha chungwa na kiatu.

Na wati nyingi sio nguvu, wakuu. RTX 3080 inakula 320, RTX 4070 inakula 200, na spidi zinakaribiana mno.

Kwenye kupima kwenyewe, kosa kubwa ni kuangalia wastani tu. Kadi inaweza kuwa na wastani wa FPS 100 huku kila baada ya muda fremu moja inachukua milisekunde 50 (kwenye FPS 100 fremu moja ni milisekunde 10), macho yako yanaiona ile 50, wastani hauioni. Ndo maana wapimaji makini wanaweka na ile asilimia 1 ya fremu mbovu zaidi. Halafu ukikuta kadi mbili zinalingana kwenye 1080p (ukubwa wa picha kwa nukta) usishangilie, angalia prosesa, inawezekana ndo imeelemewa na kadi zote mbili zinaisubiri, panda 1440p au 4K zenye nukta nyingi zaidi utaona zinaachana.

Halafu kuna fremu za kubuni, zinazotungwa na kadi yenyewe katikati ya zile halisi. Januari 2025 Jensen Huang, bosi wa NVIDIA, alisimama jukwaani kwenye maonyesho ya teknolojia ya CES akasema RTX 5070 inatoa nguvu ya 4090. Viini 6144 dhidi ya 16384! Ilikuwa inategemea DLSS 4, teknolojia ya NVIDIA ambayo kwa kila fremu moja halisi inaweza kuongeza tatu za kubuni. Picha inakuwa laini kweli, mi sikatai, lakini mausi yako inajibiwa na zile fremu halisi, kwahiyo ukilinganisha zima hiyo kitu kwenye kadi zote kwanza, ndo uiwashe kama bonasi.

Mwisho angalia tarehe ya kipimo. Intel walipotoa Arc A750 na A770 Oktoba 2022 draiva (programu zinazoendesha kadi) zilikuwa zinasuasua sana kwenye gemu za zamani za DirectX 9, baadae wakazirekebisha zikapanda mno, kadi ni ile ile hakuna hata skrubu iliyoguswa, kwahiyo yule aliyesema A750 ni hovyo kwenye gemu za zamani hakudanganya, alikuwa anaongelea Oktoba ile.