Kamera ziko Tanga, simu iko Dar: kwa nini nahimiza IPv6

Swali ninaloulizwa sana na wenye ofisi hapa Tanga, kuanzia mawakala wa forodha karibu na bandari mpaka wenye nyumba za wageni kule Raskazone, ni hili: "Fundi, kamera naziona vizuri nikiwa ofisini, mbona nikifika Dar hazifunguki?" Intaneti imelipiwa, kamera ni nzima, nywila ni sahihi. Tatizo mara nyingi liko kwenye anwani.

Fungua ukurasa wa ruta yako, utazame anwani ya upande wa nje, ule unaoelekea kwa mtoa huduma. Ikiwa imo kati ya 100.64 na 100.127, ujue si ya kwako peke yako. Fungu hilo lilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya watoa huduma wanaoweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya hadharani. Ni kama shule nzima kutumia S.L.P. moja. Ukiandika barua, majibu yatakufikia kwa sababu karani ameweka kumbukumbu. Lakini mgeni akileta bahasha isiyo na jina, karani hana wa kumpa. Simu yako ikiwa Dar ndiyo huyo mgeni.

Chanzo ni uhaba. IPv4, mfumo wa anwani za intaneti tunaoutumia, iliandikwa mwaka 1981, ikiwa na biti 32, yaani anwani takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima. Akiba kuu ya dunia ilimalizika kugawiwa Februari 2011. AFRINIC, shirika linalogawa anwani barani Afrika, lilianza kubana mgao mwaka 2017, likabana zaidi Januari 2020. IPv6, mfumo mpya wa anwani, ina biti 128, na kwa hesabu hiyo kila kamera, kila printa na kila simu inaweza kuwa na anwani yake.

Hapo ndipo watu wanaposhtuka: "Kwa hiyo kamera yangu itaonekana na dunia nzima?" Itaonekana ukiiacha wazi, na nasisitiza usiiache. Tumekaa miaka mingi nyuma ya NAT, ule utaratibu wa kugawana anwani, hadi tukaidhani ni ulinzi. Ulinzi ni kazi ya fayawoli, yaani kichujio kinachoamua kipi kipite na kipi kizuiwe. Kwa hiyo kabla ya kuwasha IPv6, weka kanuni: kinachotoka ndani kiende na majibu yake yarudi, kinachoanzia nje kikataliwe, isipokuwa VPN. Kamera mwenye ofisi ataiona kwa kupitia VPN hiyo, njia ya siri yenye nywila, iliyo kwenye ruta. Na simu yake huko aliko nayo iwe kwenye mtandao wenye IPv6, la sivyo hatafika.

Ila fayawoli hiyo hiyo ndiyo inayoharibu kazi nyingi za kuhamia IPv6, na hapa naomba tuelewane. Kuna mazoea ya mafundi ya kuzuia ICMP yote, yaani ujumbe mfupi wa taarifa ambao vifaa vya mtandao hupeana, wakiamini wanazuia wadukuzi. Kwenye IPv4 unaweza kufanya hivyo na mambo yakaenda kwa kuchechemea. Kwenye IPv6 umejikata mguu. Ruta za IPv6 hazikati pakiti, yaani vifurushi vya data, njiani. Ikitokea pakiti ni kubwa kuliko njia, ruta humrudishia mtumaji ujumbe wa ICMP kwamba apunguze. Ukiuzuia ujumbe huo, mtumaji hajui kitu. Anarudia pakiti ile ile, inatupwa, anarudia tena.

Dalili zake nimezikuta kwenye ofisi moja ya uwakala. Pingi, jaribio la kuona kama kifaa kinafikika, inajibu vizuri, tovuti inafunguka, jina na nywila vinakubaliwa. Karani akipakia nyaraka za mzigo, mstari wa kupakia unasogea kidogo, unaganda hapo hapo. Kila mtu anailaumu tovuti. Kumbe laini yao ilikuwa ya PPPoE, aina ya muunganisho inayopitisha pakiti za baiti 1,492 badala ya 1,500, na fayawoli iliyo kati ya kompyuta na ruta ilikuwa imemeza ujumbe wa kupunguza. Niliruhusu aina zile za ICMP zinazohitajika, nyaraka zikapanda.

Jambo lingine: ofisi inayosema haina IPv6 huwa inayo. Windows imeiwasha yenyewe tangu Vista, na simu nazo zinayo. Angalia kwenye kompyuta anwani zinazoanza na fe80, ndizo za IPv6. Mtu akichomeka ruta yake ndogo, ikajitangaza kuwa ndiyo njia ya kutokea, vifaa vyenu vitaifuata. Kama swichi yako ina kinga ya matangazo hayo ya ruta, iwashe leo, hata kama uhamiaji ni wa mwakani.

Kwenye kupanga, usiwe bahili. Kampuni yenye ofisi bandarini, ghala Ngamiani na tawi Korogwe iombe kwa mtoa huduma fungu la anwani la ukubwa wa /48, ambalo ndani yake mna mitandao midogo 65,536 ya ukubwa wa /64. Mimi hugawa kikundi cha nne cha anwani katikati: nafasi mbili za mwanzo ni mahali, mbili za mwisho ni matumizi. Mfano, 2001:db8:40:0203 ni ghala (02), kamera (03). Hitilafu ikitokea usiku, fundi wa zamu akiisoma anwani anajua aende wapi.

IPv4 usiizime. Ziendeshe zote mbili sambamba, maana mashine ya mahudhurio ya alama za vidole na printa ya zamani huenda hazijui IPv6 kabisa, na hazina haja ya kutupwa. Lakini ujihadhari unapopima: vivinjari vya sasa hujaribu njia zote mbili na kushika iliyowahi, kwa hiyo IPv6 mbovu inaweza kujificha. Pima kwa ping -6, kisha pakia faili kubwa kwa IPv6 pekee.

Rekodi ya AAAA, inayoitangaza anwani ya IPv6 ya tovuti yako kwenye DNS (orodha inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani), iwe ya mwisho kabisa. Ukiiweka mapema, wateja wenye IPv6 watatumwa kwenye mlango ambao bado hujaujaribu.