Miguu kunuka si lazima uwe mchafu

Mtu akivua viatu mlangoni na harufu ikajaa sebuleni, hukumu hutoka papo hapo: huyu haogi. Wakati wapo wanaooga mara mbili kwa siku na miguu bado inanuka.

Jasho lenyewe, likitoka tu, karibu halina harufu. Shida huanza likifungiwa ndani ya kiatu chenye joto. Hapo bakteria, ambao kila mtu anao kwenye ngozi, hula jasho na ngozi iliyokufa na kuacha asidi yenye harufu kali. Mmojawapo, Brevibacterium, ni wa jamii ileile inayotumika kutengenezea baadhi ya jibini za Ulaya. Na kwa kuwa shida ni jasho kufungiwa, mvaa ndala halalamikiwi sana kama mvaa buti.

Kwa hiyo kupulizia manukato ni kupoteza hela. Osha kwa sabuni, kisha kausha vizuri katikati ya vidole, hatua ambayo wengi huiruka. Badili soksi kila siku. Kiatu kilichovaliwa leo kesho kianikwe. Dawa ya kuzuia jasho la kwapa hufanya kazi hata nyayoni, ukiipaka usiku. Ukiona vishimo vidogo vidogo kwenye unyayo, nenda zahanati: huenda ni maambukizi ya bakteria, na yana dawa ya kupaka.